Maji ya Njano ya Maalim Zuberi

Marahaba, wanangu. Marahaba nyie mliopo chuoni, marahaba nyie mlio field hospitalini, na wewe uliyeniandikia "shkm" kwenye simu kana kwamba herufi zinauzwa, marahaba na wewe. Mmeniuliza swali moja mara nyingi hadi nimechoka kulijibu vipande vipande: Mama Neema, ile sindano ya plazma pale Temeke mlikuwa mnaitengenezaje? Basi leo kuku wangu wa hapa Chanika wameshakula, mihogo haihitaji msimamizi, nimekaa niwajibu. Ila mkitaka jibu la kitabuni mmekosea mtu. Mie nitawasimulia habari za magoti ya Maalim Zuberi, maana humo ndimo nilimojua kwamba nilikuwa sijajua kitu.

Maalim Zuberi alikuwa mtu wa Newala, mwembamba, kanzu yake imenyooka muda wote. Alisomesha madrasa na kusalisha kwenye msikiti mdogo, nyuma kidogo ya kituo chetu cha afya. Magoti yakamwisha. Gegedu, ule mto laini kati ya mifupa, imelika, mifupa inasagana, la kulia likiwa baya zaidi. Mtu aliyekuwa anasimama mbele ya wenzake akajikuta mwisho wa safu, kwenye kiti cha plastiki, anasali kwa kuinamisha kichwa tu. Miaka mitatu. Siku ya kwanza alipokuja kwetu daktari alimuuliza maumivu yakoje, akajibu, "Maumivu nayavumilia, mwanangu. Nataka kusujudu." Hakutaka kingine chochote, na mie nilikuwa nimesimama pale na kadi yake mkononi.

Daktari wetu wa mifupa, kijana mpole tuliyemwita Dokta Elia, akampendekezea plazma. Kwa asiyejua: unamtoa mgonjwa damu yake mwenyewe, unaizungusha kwenye mashine mpaka ijitenge, unachukua ile sehemu yenye chembe sahani nyingi, unamchoma nazo palipoumia. Chembe sahani ndizo sie maabara tunazoziita pletileti. Ukijikata na kisu jikoni ndizo za kwanza kufika, zinaziba, halafu zinaita mafundi wengine waje kujenga. Hakuna dawa ya kiwandani inayotibu hapo. Mtu anatibiwa na mtu yuleyule. Nimefanya kazi hiyo miaka na miaka, na mpaka leo nikiifikiria nywele zinanisimama.

Sasa msidhani nilianza nikiwa hodari. Weee! Aliyenifundisha mashine ya kuzungushia damu, sentrifuji, ni Mzee Komba, Mngoni mmoja mkali kama pilipili kichaa, Mungu amrehemu. Siku ya kwanza nikaweka tyubu tatu upande mmoja, upande wa pili moja, nikafunga mfuniko, nikawasha. Mashine ikaanza kutembea. Nawaambieni ilitembea! Ikatoka ukutani, ikaja ukingoni mwa meza, mie nimeikumbatia huku napiga kelele. Mzee Komba akaja taratibu, akachomoa waya, akaniuliza, "Mlikuwa mnaelekea wapi nyie wawili?" Wiki nzima watu wa mapokezi waliniita abiria. Toka hapo, kila tyubu nikiipanga natazama upande wa pili imekaa nini, na kama mgonjwa ana tyubu isiyo na mwenzake, napima maji uzito uleule naweka kama mwenza wake.

Na kosa jingine hili hapa. Damu ya plazma tunaichukulia kwenye tyubu yenye dawa ya kuzuia kuganda, ile ya sitrati. Siku moja naongea na shemeji yangu kwenye simu, simu nimeibana kwa bega, nikashika tyubu kavu isiyo na dawa. Nimezungusha, nafungua, nakuta kitu kama jeli, njano, kinatikisika. Nikajua kazi sina. Nampelekea Dokta Elia kichwa chini, akacheka. Akasema, "Mama, hii wenzetu wa meno wanaitafuta kwa makusudi." Kumbe kuna aina hiyo: haitiwi dawa ya kuzuia kuganda, inazungushwa hapohapo bila kuchelewa, plazma inaganda yenyewe na kuzifungia chembe sahani ndani yake, halafu daktari wa meno anaiweka kwenye shimo alipong'oa jino ili pazibe vizuri. Kosa langu lilikuwa dawa ya mtu mwingine. Ila goti huwezi kulichoma jeli, kwa hiyo mgonjwa wangu ilibidi atolewe damu upya na mie nizime simu.

Mtauliza, kwani zipo aina ngapi? Ndio ninakokwenda, na hapo ndipo Maalim alipotusomesha sote.

Alipoelezwa kwamba atatolewa damu kisha arudishiwe, Maalim aliweka mikono juu ya magoti yake. Halafu akasema kwa adabu sana, "Hapana. Damu ikishatoka, mimi nimefundishwa ni najisi. Watoto wangu wa madrasa wakiumikwa chuku, wakinyonywa damu chafu kwa pembe, damu inamwagwa, hairudi. Nirudishiwe mwilini halafu nisali nayo?" Dokta Elia akaanza kumweleza habari za vijidudu na usafi, Maalim anaitikia tu ndio, ndio, lakini mwili wote unasema hapana. Mie ni Mlutheri wa Same, mambo hayo siyafahamu kwa undani, ila nimeishi na majirani Waislamu toka nimeshuka Dar na mtu aliyefunga mlango namjua. Nikamwambia, "Maalim, shikamoo tena. Kesho unatolewa damu kidogo ya kipimo. Njoo maabara uione mwenyewe, halafu useme neno lako."

Akaja. Nikaizungusha damu yake polepole, mzunguko ule wa kwanza ambao haukimbii sana, nikamtolea tyubu nikaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Chini nyekundu, imetulia. Katikati utando mweupe mwembamba sana, usipoangalia vizuri huuoni. Na juu, wanangu, juu kuna maji ya njano, yanang'aa, rangi ya samli iliyoyeyuka. Maalim akainama, akavua miwani akaifuta, akaivaa tena. "Hii imetoka kwangu?" "Kwako, Maalim. Saa hizi hizi." "Muda wote ilikuwa ndani, na mie sijui?" "Mimi pia ninayo. Na huyo mlinzi pale getini anayo." Akasema Subhanallah, akairudia. Mie niliyekuwa naona tyubu hizo kila siku kama vikombe vya chai, nikajikuta namwangalia yeye anavyoiangalia, na mimi nikaiona kwa mara ya kwanza. Nilishikwa na hofu, ile hofu nzuri ya kanisani.

Akaondoka, akaenda kwa mkubwa wake wa dini wakazungumza wanayoyajua wao. Aliporudi alikuwa na sharti moja. "Hayo maji ya njano nayakubali. Lakini nikiona wekundu ndani ya bomba la sindano, Mama Neema, msinichome. Nitarudi kwenye kiti changu na sitawalaumu." Tukapeana mkono.

Sharti lake, bila yeye kujua, lilikuwa ni sharti la kitaalamu hasa. Kuna plazma ya njano safi, ambayo umeziacha chembe nyeupe kule kwenye utando, nayo ndiyo Dokta Elia alikuwa anaipendelea kwa magoti, kwa sababu anasema chembe nyeupe nyingi zinachokoza kiungo kikavimba. Na ipo ile ambayo utando unauchukua makusudi, chembe nyeupe ndani, na kwa kuwa utando umekaa juu ya wekundu, kidogo wekundu huja nao, inakuwa ya pinki. Hiyo alikuwa anaitumia kwenye kano za kiwiko na kisigino. Tulikuwa na mchonga vinyago mmoja, kiwiko kimemkataa kwa kupiga tezo, yeye alichomwa hiyo. Halafu kuna wanaotia kalisiamu ya kuziamsha chembe sahani kabla ya kuchoma, na wanaoziacha ziamke zenyewe zikigusana na mwili. Damu ni ileile moja, wanangu. Tofauti ni mkono wako umesimama wapi.

Huyo mchonga vinyago, kabla sijasahau, alitupotezea siku nzima. Tulimwambia wiki nzima kabla ya sindano asimeze vidonge vya maumivu, maana diklofenaki na wenzake wanazilevya chembe sahani, unazichoma zimelala. Akaapa hajameza. Namfunga mpira mkononi, kidonge kikadondoka kutoka mfukoni mwa shati lake. Akakitazama, akanitazama, akasema, "Hicho cha mke wangu." Nikamrudisha nyumbani kwake Segerea akalale na kiwiko chake wiki nyingine.

Sasa siku ya Maalim. Amekunywa maji ya kutosha asubuhi kama nilivyomwambia, mishipa imejaa vizuri. Nikachukua damu bila kuivuta kwa nguvu, maana ukiivuta kwa pupa chembe zinapasuka. Kila tyubu ikijaa naipindua taratibu, chini juu, chini juu, mara nane. Nyie wa siku hizi nimewaona mnaitikisa kama chupa ya tomato sosi, acheni hiyo tabia, mnaua. Nikapanga, nikasawazisha, nikazungusha polepole. Ikatoka nzuri, njano ipo juu inacheka.

Na hapo, nyie wanangu, tamaa ikaniingia.

Chembe sahani nyingi hukaa chini kabisa ya ile njano, karibu na utando. Mtu mwoga anachukua njano ya juu anaacha ya chini, anapata kidogo. Mie nilikuwa namtaka Maalim apone. Nilikuwa nimemuwaza usiku na mchana, nimemwona kwenye kile kiti chake nikipita kwenda nyumbani. Nikasema moyoni, leo simwachii hata tone. Nikashusha sindano. Nikashusha tena. Nikasema kidogo tu. Mara nikaona kauzi kekundu kanapanda ndani ya bomba, kembamba kama unywele, kakafika juu kakatawanyika. Nikaacha kuvuta, nimechelewa. Bomba zima likawa rangi ya maji yaliyooshewa nyama.

Nilikaa chini. Chumba cha pili Maalim ameshapanda kitandani, goti limeshapakwa dawa ya kusafishia, anasubiri. Nikampelekea Dokta Elia mlangoni. Akalitazama bomba, akashusha sauti. "Mama Neema, kitaalamu hii haina madhara makubwa. Wengine wanachoma hivi hivi. Tutamwambia alale aangalie ukuta, nitafunika bomba kwa gozi, kitambaa cha vidonda. Mzee huyu ukimtoa damu mara ya pili anaweza kukata tamaa akaenda zake, na magoti yake ndio basi." Hakuwa mtu mbaya, alikuwa anamhurumia. Na mie nawaambia ukweli, nilikaribia kukubali. Ni gozi tu. Nani angejua?

Lakini nikaona nikishamfunika yule mzee macho, kila nitakachomwambia mgonjwa maisha yangu yote kitakuwa chini ya gozi. Nikachukua bomba lile, nikaingia nalo, nikalishika mbele yake. "Maalim, nisamehe. Mimi ndiye niliyeharibu. Nilitaka upate nyingi, nikagusa wekundu."

Akaliangalia. Feni inalia juu, kiki, kiki, kiki. Nikajua ndio anashuka kitandani, anaomba viatu vyake.

Akaniuliza, "Usingenionyesha, ningejua?"

"Usingejua, Maalim."

"Na huyu daktari anajua?"

"Anajua."

Dokta Elia akainamisha kichwa mlangoni. Maalim akatutazama mmoja mmoja kama anavyowatazama watoto waliokosea kusoma aya. Kisha akakunja mkono wa kanzu wa upande wa pili, mkono ambao sikuutoboa, akaunyoosha. "Basi chukua huku. Na safari hii usiwe na pupa, dada yangu. Kitakachonitosha kitanitosha."

Nililia, wanangu. Namfunga mpira huku machozi yanaanguka kwenye glavu, na yeye ananiambia taratibu, utakosea mshipa. Lile bomba la kwanza nikalitupa kwenye ndoo ya taka hatarishi kwa mkono wangu. Nikazungusha upya. Safari hii niliacha upana wa kidole cha njano juu ya utando, nikaiacha kabisa bila kuisikitikia. Ile niliyoipata nikaipeleka mzunguko wa pili, wa kasi, ule unaozishusha chembe sahani chini kabisa ya tyubu. Ukitoa unaziona kama vumbi la unga lililotua. Njano ya juu isiyo na kitu nikaiondoa, nikabakiza kidogo, nikaizungusha tyubu kwa vidole hadi lile vumbi likapanda likayeyuka humo, na maji yakaanza kuzunguka na vimeta ndani yake ukiyaangalia kwenye mwanga. Vimeta hivyo ndivyo chembe sahani zikiwa hai. Ukiviona ujue kazi imekubali. Nimeviona mara nyingi sana na kila mara navitazama upya.

Maalim akalishika bomba mwenyewe, likiwa bado ndani ya kifungashio chake safi, akaligeuza kwenye taa. Njano tupu. "Bismillah," akasema, akamrudishia daktari, akageuka kuangalia goti lake likichomwa, hakuangalia ukuta hata mara moja.

Siku mbili tatu goti likamuuma kuliko mwanzo, na ndivyo inavyokuwaga, tulikuwa tumeshamwambia. Wiki ya tatu hakuna kitu. Nikipita nakiona kiti cha plastiki kwenye baraza ya msikiti na mtu wake juu, ananipungia mkono, na mimi naona aibu kana kwamba nimemwibia. Lile goti la pili nalo likachomwa. Wiki zikaenda. Naombeni mnisikilize hapa: si kila mtu anapona kwa sindano hii. Niliwaona waliorudi wakacheza mpira na niliwaona waliorudi vilevile walivyokwenda. Leo nasikia wanachoma usoni, wanachoma kichwani nywele ziote, wana mashine mpya zinazotenganisha zenyewe kwa mzunguko mmoja, na kwenye matangazo kila mtu anapona. Sijui hao wanaishi mtaa gani. Mkishika kazi hii mwambieni mgonjwa ukweli wote, kisha mfanye kwa mikono safi, kisha mngoje naye.

Mie nilingoja. Mchana mmoja nipo maabara peke yangu, mashine inazunguka damu ya mtu mwingine, mlango ukagongwa. Maalim Zuberi. Nikamwamkia, akaitika, akavua viatu mlangoni akaingia peku.

"Kibla kipo upande gani humu?"

Jamani, miaka yote ile sijui! Nikaanza kubabaika. Akachungulia dirishani, akaangalia kivuli cha ukuta, akajipima, akaelekea kwenye friji ya kuhifadhia dawa za vipimo. "Si sala hii," akasema. "Nataka ushuhudie tu."

Nikachomoa shuka safi kabatini nikamtandikia haraka haraka kwenye vigae. Akasimama. Akashuka polepole, mkono ukashika meza, goti la kushoto likagusa, akapumua, goti la kulia likagusa. Akaachia meza. Viganja chini. Halafu paji la uso likashuka, likashuka, likagusa shuka, likatulia hapo.

Mashine ikalia kwamba imemaliza. Sikuifungua. Nilisimama na mikono kifuani, sijui nisali kwa dini gani. Muda ukaenda. Ukaenda tena. Hajanyanyuka. Nikasema maskini magoti yamegoma, hawezi kuinuka na hataki kusema. Nikasogea, nikainama karibu naye.

"Maalim, umekwama? Nimwite Dokta?"

Sauti ikatoka chini, tulivu kabisa.

"Niache, Mama Neema. Miaka mitatu sijafika huku."